Mkata Nyasi wa Juba Aongeze Nini?

Mwezi uliopita, katika mjadala wa darasa letu la Kiswahili, mwenzetu mmoja alisimama akatusomea mpango wa biashara. Alikuwa ameuandaa vizuri, kwa Kiswahili safi, na sote tulimpigia makofi, mimi nikiwemo. Mpango ulihusu kampuni ndogo ya kukata nyasi na kutunza bustani hapa Juba, na namna ya kuikuza kwa kuongeza huduma. Orodha yake ilikuwa ndefu: kupulizia dawa ya wadudu, kuweka mabomba ya kunyunyizia maji yanayojifungua yenyewe, taa za bustani, kusafisha mabwawa ya kuogelea, kuzoa taka, kuosha magari na, mwishoni kabisa, ulinzi wa langoni. "Mteja mmoja, mahitaji yote," alisema, akakaa. Makofi yangu yalikuwa ya Kiswahili chake. Mpango wenyewe naupinga, na kwa kuwa siku ile kengele ililia kabla sijapewa nafasi, nasema hapa yale niliyotaka kuyasema.

Nieleweke mapema. Sipingi kampuni ya nyasi kupanuka. Nimekata nyasi mwenyewe kwa misimu miwili, kwa fyekeo na kwa mashine, katika nyua za mashirika na hoteli kati ya Thongpiny na Hai Cinema, na ujira ule ndio ulionilipia karo. Ninajua kwamba anayekata nyasi tu katika mji huu hawezi kula mwaka mzima. Kwa hiyo hatugombani juu ya kuongeza. Tunagombana juu ya kitu cha kuongezwa na sababu ya kukiongeza, na sababu ndiyo mwenzangu hakuitafuta. Aliikuta orodha mtandaoni, ikiwa imeandikwa na watu wa mbali kwa ajili ya watu wa mbali, akaifasiri. Walimu wetu hutuonya kila wiki kwamba tafsiri ya neno kwa neno huzaa sentensi zisizosemwa na mtu yeyote. Biashara nayo inaweza kufasiriwa vibaya hivyo hivyo.

Ushauri huu wa kuongeza huduma una kwao. Kwao ni nchi za baridi, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako nyasi huacha kukua kwa miezi kadhaa kila mwaka. Mwenye kampuni ana magari, ana vibarua, ana wateja, lakini bustani zote ziko chini ya theluji. Afanyeje? Anafunga bapa la chuma mbele ya gari lile lile, anakwenda kwa mteja yule yule, anamsafishia njia ya kutokea. Nakiri kwamba hiyo ni akili. Msimu umemnyang'anya kazi moja, na msimu huo huo umempa nyingine. Hakuibuni ile kazi ya pili kwa kutazama pochi ya mteja. Ilianguka kutoka mbinguni, mbele ya mlango.

Juba hatuna theluji, lakini msimu uliokufa tunao. Mvua zinakoma karibu na Novemba, na kuanzia Desemba mpaka Machi nyasi hukauka zikawa rangi ya gunia. Mashine zinawekwa stoo. Kibarua anaambiwa, "Tutakupigia simu." Mimi nimewahi kuambiwa hivyo, na simu ililia mwezi wa Mei. Basi mtu anayefikiria kupanua kampuni ya nyasi Juba angeanza hapo: je, mwezi wa Januari ardhi ya mji huu inahitaji kazi gani, ambayo mtu mwenye sululu, toroli na ujuzi wa mimea anaweza kuifanya? Mwenzangu aliuliza jambo jingine. Aliuliza mteja wetu amebakiwa na dola gani ambazo bado hatujazichukua.

Nichukue huduma aliyoipa uzito kuliko zote, mabomba ya kunyunyizia. Kwa mpango wake, nyasi zitabaki kijani mwaka mzima na kampuni haitalala. Tufanye hesabu. Kiwanja cha nyasi cha mita 30 kwa 20 ni mita za mraba 600. Kwa jua letu la Februari, kila mita ya mraba inataka angalau lita 5 kwa siku, na hapo ninaihurumia hesabu. Hizo ni lita 3,000 kila siku, yaani jerikeni 150 za lita 20, au madramu 15. Mashirika ya misaada yana kiwango chao cha dharura: lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Kiwanja kimoja kinakunywa maji ya watu 200. Na humo ndani hakuna mtu anayecheza mpira. Mara nyingi hakuna hata anayeyakanyaga majani yale, maana tuliandika kibao kumzuia.

Maji yenyewe Juba yanatoka wapi, kila msomaji anajua. Sehemu kubwa ya mji haina bomba. Lori linateka mtoni au kwenye kituo cha kujazia, linapanda Munuki, linapanda Gudele, na watu wananunua kwa dramu. Katika msimu wangu wa kwanza tulikuwa tukimwagilia saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Lori lilipokata kona kuingia mtaa wetu, watoto wenye jerikeni walilikimbilia wakidhani litasimama. Halikusimama. Lilipiga honi, mlinzi akafungua lango, likaingia, na sisi tukaunganisha mpira tukaanza kunywesha majani. Watoto walikaa nje kidogo wakiangalia chini ya lango, kisha wakaondoka. Sikusema neno siku ile, kwani nilihitaji kazi. Nasema leo kwamba ile ilikuwa aibu, na mtu anayetaka kuiwekea mitambo iwe inajiendesha yenyewe ajue anachokiendesha.

Mtu atasema ninaleta maneno ya wivu wa maskini. Haya, tuwaulize matajiri. Jimbo la Nevada huko Marekani, lenye mji wa Las Vegas katikati ya jangwa, lilipitisha sheria mwaka 2021 kwamba kuanzia 2027 maji ya Mto Colorado yasitumike kumwagilia nyasi za mapambo tu, zile za mbele ya ofisi na kando ya barabara. Cape Town, mwanzoni mwa 2018, ilipokaribia kufunga mabomba, kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na kumwagilia bustani kwa maji ya manispaa kukakatazwa. Hao wana mabwawa na mabomba, nao wameachana na tabia ambayo sisi tunataka kuinunua. Zulia la nyasi fupi ni pambo la Uingereza, ambako mvua hainyimi mwezi wowote. Ndiko alikotoka yule fundi Edwin Budding aliyebuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830. Kwake yeye mbingu ndiyo iliyomwagilia.

Sasa nije kwenye dawa, ambayo katika orodha ya mwenzangu ilikuwa ya kwanza, na kwangu ni ya mwisho kusamehewa. Msimu wangu wa pili, kampuni niliyofanyia kazi iliongeza huduma ya kupulizia dawa ya mende, mbu na siafu. Sitaitaja jina, wala haina tofauti na nyingine nyingi. Bosi alinunua mabomba mawili ya kubeba mgongoni na dawa ndani ya chupa iliyobanduka karatasi. Mwenzetu mmoja, kijana wa Munuki, aliyekuwa hodari wa kukata michongoma kuliko sisi sote, ndiye aliyepewa bomba. Aliuliza, "Bosi, dawa hii inachanganywaje?" Akajibiwa, "Kijana wangu, vifuniko viwili tu, ukiona mende hawafi ongeza cha tatu." Alijifunga leso puani. Alikoroga kwa kijiti. Alipuliza jikoni, stoo, vyumba vya kulala, kisha akatoka nje akakaa chini ya ukuta, mate yakimtoka bila yeye kuyazuia, macho yamekuwa kama ya mtu anayetazama jua. Akatapika. Tukampa maziwa, maana ndivyo watu wanavyoamini. Jioni tukampakia bodaboda kwenda kwao. Siku alizolala hakulipwa, na kazini hakurudi. Miezi miwili baadaye nilimwona Konyokonyo akiuza vocha za simu, akaniambia kichwa bado kinamuuma akisikia harufu ya mafuta ya taa.

Mwaka ule ule ankara ya kampuni ilikuwa nzuri. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatufahamu kwa majina na alitukopesha pesa za matibabu ya watoto. Alikuwa amesoma orodha tu. Aliambiwa dawa ni "huduma ya ziada", kana kwamba mtu anayejua kushika fyekeo tayari anajua nusu ya sumu. Kupulizia dawa ni kazi ya watu wengine, wenye mafunzo, glavu, barakoa za kweli na chupa zenye maandishi. Haitoki katika ujuzi wetu. Ilitoka katika mkataba: tulikuwa tumeshaingia langoni, basi tukauza chochote kinachoweza kupita langoni pamoja nasi.

Huu ni ugonjwa wa mji mzima, na mtu asidhani nimewaonea watunza bustani. Tembea kutoka Custom mpaka Hai Malakal usome vibao vya kampuni. Karibu kila kibao cha pili kinatangaza biashara ya jumla na ujenzi, na chini yake kwa herufi ndogo: usafirishaji, dawa za binadamu, samani, upishi, uchimbaji visima. Ukifungua mlango unamkuta kijana mmoja, meza moja na muhuri. Ninaelewa kwa nini imekuwa hivi. Katika nchi iliyopigana mwaka 2013, ikapigana tena 2016, mtu hajui zabuni ya kesho itakuwa ya nini, basi anaandikisha zote. Lakini mkata nyasi ana kitu ambacho wale wenye muhuri hawana. Anajua kazi. Akikubali kuwa kibao kama vile, ameuza kilicho chake akanunua cha wenzake.

Tena huyu mteja tunayetaka kumzungushia huduma zote saba, ni nani? Ni shirika, ubalozi, hoteli ya wageni. Mimi simchukii, alinilipa. Lakini Desemba 2013 aliondoka kwa ndege. Julai 2016 aliondoka kwa ndege. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, hakukuwa na risasi hata moja Thongpiny, na bado aliondoka, au alibaki akapunguza wafanyakazi, na kitu cha kwanza kukatwa katika bajeti kikawa bustani. Kampuni yenye mteja mmoja na huduma saba ikipoteza mteja imepoteza vyote saba siku moja. Mwenzangu aliita hilo "kupunguza hatari". Ningependa anionyeshe hatari iliyopungua.

Basi mimi naongeza nini? Naongeza kivuli.

Machi 2024 serikali yetu ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto. Ilitabiriwa lingefika nyuzi 45. Februari 2025 shule zikafungwa tena kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi kuzirai hapa hapa Juba. Wengi wetu tuna wadogo zetu katika shule hizo. Ukizitembelea utaona kwa nini wanazirai: mabati juu, vumbi jekundu chini, na katika uwanja mzima mti mmoja, ambao walimu wameegesha pikipiki chini yake. Mji huu unajua thamani ya mti. Kesi zetu zinasikilizwa chini ya mti, chai inauzwa chini ya mti, maombi yanafanyika chini ya mwembe mpaka kanisa likamilike. Tumewahi hata kusoma chini yake. Lakini hakuna kampuni hata moja niliyoifanyia kazi iliyokuwa tayari kumpandia mteja mti na kuutunza mpaka ushike, ingawa tulikuwa na majembe, toroli, samadi na watu wasio na kazi kuanzia Desemba.

Na hii ndiyo kazi ya msimu wetu uliokufa, kama theluji ilivyo kazi ya msimu wao. Shimo la mti linachimbwa wakati wa kiangazi. Sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, na huko Gudele, karibu na Jebel, sululu itagonga mawe kabla hujafika nusu, kwa hiyo ni kazi ya siku nyingi na ya watu wengi, ambayo ndiyo tunayoitafuta. Udongo wa juu unawekwa upande mmoja, wa chini upande mwingine, samadi inachanganywa na ule wa juu, shimo linaachwa lipigwe na jua. Miche inakuzwa kitaluni miezi hiyo hiyo, chini ya makuti au chandarua. Mvua za Aprili na Mei zikianza, unapanda. Nyasi zikirudi, unarudi kwenye nyasi, na yale majani uliyoyakata, ambayo sisi tuliyachoma kila Ijumaa nyuma ya ukuta mpaka majirani wakalalamika, unayatandaza kuzunguka shina la mche ili unyevu usitoroke. Usiyabananishe na shina lenyewe, mchwa watakushukuru.

Kuchagua mti ndiko kunakotofautisha mwenye ujuzi na mwenye muhuri. Mtiki ni fahari ya Equatoria, na kuna watu wataupendekeza kwa sababu wanaujua kwa mbao zake. Lakini mtiki hupukutisha majani wakati wa kiangazi, yaani Februari, mtoto anapozirai, mti wako uko uchi. Mkaratusi unakua haraka, kivuli chake ni kama cha nyavu. Mwarobaini unavumilia ukame, mbuzi hawaupendi sana, na hubaki na majani mwaka karibu mzima. Mwembe una kivuli kizito kuliko yote na unalipa kwa matunda. Uliopandikizwa unaweza kuanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, wakati wa kokwa utakusubirisha zaidi. Mahogani ya kwetu inakwenda polepole, lakini aliyeipanda ataacha jina. Mambo haya yote kibarua anaweza kujifunza kwa msimu mmoja, na hakuna hata moja litakalomtoa mate.

Maji? Mche, katika kiangazi chake cha kwanza, unaishi kwa jerikeni moja kwa wiki ukiwa umetandazwa vizuri. Miche 40 ni lita 800 kwa wiki. Kile kiwanja cha nyasi kilikula lita 21,000 kwa wiki hiyo hiyo. Na baada ya miaka miwili au mitatu mti unajitafutia wenyewe, ilhali nyasi zitadai mpaka Kiama.

Huduma nyingine zinafuata hapo zenyewe, na sitazirefusha. Kufukua mitaro kabla ya mvua ya kwanza, ambayo kila mwaka huikuta imejaa chupa za plastiki: ni kazi ya Machi, zana ni zile zile, na mji uliopata kipindupindu 2014, 2015 na 2016 mfululizo hauhitaji kuelezwa kwa nini maji machafu yasilale mlangoni. Kuvuna maji ya paa: Juba hupata zaidi ya milimita 900 za mvua kwa mwaka, na kila milimita juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Anayejua mteremko wa bustani anajua mteremko wa mfereji. Kupogoa miti mikubwa kabla upepo wa mvua haujaiangusha juu ya nyumba. Mtu akiniambia orodha yangu nayo imekuwa ndefu, nitamjibu kwamba yote ni udongo, maji na mmea.

Sasa pingamizi kubwa, ambalo najua litakuja kwa sababu mwenzangu amesoma uchumi kabla ya kuja kwetu: nani atalipa? Shirika linalipa dola. Shule ya Gudele inalipa nini, wakati walimu wake wenyewe wamekaa miezi bila mshahara? Ni pingamizi la haki na silikimbii. Malipo yatakuwa madogo, kwa pauni, na kwa vipande. Lakini wateja wenyewe ni wengi: kanisa, shule ya binafsi yenye ada, mama mwenye mgahawa anayetaka meza nne zaidi nje, mwenye nyumba aliyejenga Gudele na kugundua kwamba chumba hakilaliki mpaka saa sita usiku. Hao hawaondoki kwa ndege. Na wale wa dola nao watalipia kivuli, tena kwa furaha, ukiwaonyesha ni kiasi gani wanachoma kwenye jenereta kwa ajili ya vipoza hewa vya makontena yaliyosimama juani.

Namna ya kulipana ipo pia, tunaweza kuiazima Kenya. Wangari Maathai alipoanzisha harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akina mama wa vitaluni walilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika, siyo kwa kila mche uliopandwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo biashara yote. Juba tumeona sherehe nyingi za kupanda miti: kiongozi anashika koleo, kamera zinapiga, wiki tatu baadaye mbuzi amemaliza. Kampuni itakayosema, "Nilipe nusu leo, na nusu baada ya kiangazi kimoja ukiuona mti umesimama," itapata wateja ambao hakuna kibao kitakachowapata. Itapata hasara pia, msimu wa kwanza. Mchwa watakula baadhi. Nami ningeitaka hasara hiyo kuliko ile ya kijana wa Munuki.

Kuna hoja moja nimeisikia nje ya darasa, na inaniudhi: kwamba kazi hizi za miche ni za Waganda na Wakenya, sisi tuliosoma tutafute ofisi. Septemba 2014 lilitoka agizo kwamba mashirika na kampuni ziwaachishe kazi wageni, na baada ya siku chache tu serikali ikabadilisha kauli. Wakati ule nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wakibishana mtaani kuhusu nani amechukua kazi ya nani. Hakuna aliyesema anachokijua yule mgeni. Ukipita Barabara ya Ngong kule Nairobi unakuta vitalu kando ya njia, mche baada ya mche ndani ya mifuko myeusi, na mwenye kitalu anaweza kukuambia kila mmoja unataka nini. Kiswahili ninachokiandika hapa nilikipata nikiwa mkimbizi Kenya, na neno "kupandikiza" nilifundishwa na mzee mwenye kisu na kipande cha nailoni, akikiunga kikonyo cha embe tamu juu ya mche wa embe la kienyeji. Hakunificha chochote. Kama tunataka kazi zake, tuanze kwa kuyataka maarifa yake, na kwa bahati lugha yake tunayo tayari.

Mwenzangu aliniuliza baada ya kipindi kama nimekasirika. Sikukasirika, nilimwambia nitaandika. Nilimwambia pia kwamba karibu na kwetu, Gudele, kuna shule ambayo mwalimu mkuu wake ametukubalia tuchimbe mashimo 20 upande wa magharibi wa madarasa, ambako jua la mchana linapiga mabati. Miche nimeiotesha nyuma ya nyumba: mwarobaini 14 na miembe 9, mmoja umeanza kunyauka na sidhani kama utafika Aprili. Tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi. Nina majembe mawili na sululu moja. Sululu ya pili nimemwachia yeye ailete.